Moshi Usio na Mwenyewe

Tulitoka Mbinga mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi moja ya Oktoba 2024, tukiwa abiria sita ndani ya Noah ya kukodi: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, mama yangu, na Bibi mzaa mama, aliyekaa mbele karibu na dereva kwa sababu safari ilikuwa yake. Bibi huhesabu umri wake kwa njaa na kwa bei za kahawa, na kwa makisio yetu anakaribia tisini. Alisema anataka kuliona ziwa mara moja tena. Mzee wa umri ule akisema hivyo huulizi sababu, unatafuta gari.

Jua lilikuwa limeshatoka lakini halikuwa na mionzi. Lilikuwa duara jekundu ambalo unaweza kulitazama bila kufumba macho. Oktoba kwetu ndivyo ilivyo. Mvua zimeondoka tangu Mei, nyasi zimekauka mpaka zinavunjika zenyewe, na kila bonde la Umatengo lina moshi wake. Maofisa misitu wana jina lao kwa moto wa msimu huu: moto kichaa. Kila nikilisikia redioni najiuliza nani alilitunga, maana ni jina linalofunga kesi kabla ushahidi haujasikilizwa. Kichaa haulizwi sababu.

Bibi hana neno moja la moto. Tulipoanza kupanda alinyoosha kidole dirishani, akimfundisha kitukuu wake kama anayemsomea ubaoni. Ule mweupe, mwembamba, unaopanda wima, ni wa mtu anayechoma mabua shambani, naye yuko palepale anaulinda. Ule mzito, mweusi chini na mweupe juu, umefika kwenye majani mabichi, labda bondeni karibu na kahawa ya mtu. Ule wa kijivu unaotambaa ni wa watoto wanaotafuta panya.

"Na ule, Bibi?" binti yangu akauliza. Ulikuwa nyuma ya mgongo wa mlima, mkubwa kuliko mingine yote, umelala upande mmoja.

"Ule hauna mwenyewe," Bibi akasema. "Moto ukishakuwa mkubwa hivyo, hata aliyeuwasha atakwambia ameukuta."

Nilitazama nje ya dirisha la upande wa pili.

Binti yangu yuko darasa la tano, na muhula huo mwalimu alikuwa amewafundisha maziwa. Aliuliza kama Ziwa Nyasa limetokana na volkano. Nilisema hapana, kisha ikanibidi nijirekebishe, kwa sababu jibu si fupi hivyo. Nyasa ni ziwa la bonde la ufa: ardhi ilivutwa pande mbili, ikapasuka, kipande cha katikati kikazama na maji yakajaa. Uso wake uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, lakini kina chake kikubwa ni kama mita 700, kwa hiyo sakafu yake iko chini ya Bahari ya Hindi. Ila kule kaskazini, upande wa Rungwe, moto wa chini ya ardhi ulipata njia ya kutokea. Huko ndiko yaliko maziwa ya volkano hasa: Ngosi, lililokaa ndani ya kreta kwenye milima ya Uporoto, na Kisiba, linalojulikana zaidi kwa jina la Masoko, ambako Wajerumani walijenga boma, na ambako hadithi ya sarafu zao zilizotupwa majini haijaisha mpaka leo. Mlima Kyejo, jirani na Rungwe, ulitema lava yapata mwaka 1800. Kwa maisha ya mlima hiyo ni juzi.

"Kwa hiyo moto upo," akasema.

"Upo, lakini mbali."

"Na huu je?" Alikuwa akionyesha ule usio na mwenyewe.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita zipatazo 66, na siku hizi ni lami. Nilipokuwa mdogo ilikuwa safari ya kutwa nzima juu ya lori la mizigo, na wakati wa masika hakukuwa na safari kabisa. Lami imeleta samaki wabichi Mbinga na imetuletea kizazi kinachokwenda ziwani kuogelea na kurudi jioni. Ila kona zimebaki zilezile, na kwenye kona ndiko unakopata nafasi ya kuiona milima vizuri. Ukiitazama utaona miteremko imejaa vishimo vilivyopangana kama sega la nyuki. Hizo ni ngolo.

Ngolo nimezieleza kwa wageni mara nyingi, na sijawahi kuona wanaelewa mpaka nifike kwenye nyasi. Mnamo Machi, wanaume hufyeka nyasi zilizoota shamba likiwa limepumzika. Zikikauka hulazwa chini kwa mistari inayokatizana, kila mraba ukiwa na upana wa kama mita moja na nusu. Kisha wanawake huingia na majembe, huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuufukia juu ya nyasi. Katikati panabaki shimo, kuzunguka shimo panabaki tuta, na ndani ya tuta kuna nyasi zinazooza taratibu. Maharage hupandwa juu ya tuta, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Magugu na mabua hutupwa shimoni. Mvua ikishuka kwenye mteremko ambao mtu anapanda kwa magoti, kila shimo hushika maji yake na udongo wake. Katika mfumo huo wote nyasi hazipigwi kiberiti. Zinazikwa.

Waingereza walishangaa. Mwaka 1938 ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni, A. H. Pike, aliandika makala juu ya jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo, katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kilichomshangaza ni kwamba hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Miaka kumi na kitu baadaye serikali hiyohiyo iliwalazimisha Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani kwao, kwa amri na faini, hadi mwaka 1955 watu wakaandamana na mambo yakaishia kwa ghasia. Huku kwetu hakukuwa na haja ya amri. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Wamatengo walibanana milimani katika karne ya 19, wakikimbia mashambulizi ya Wangoni, na watu wengi wakiishi juu ya mteremko mmoja hawawezi kuruhusu udongo uondoke.

Lakini nisiwapambe watu wa kwetu kupita kiasi. Milima imejaa. Tangu kabla sijazaliwa familia zimekuwa zikishuka kwenda tambarare za miombo, na huko mashamba hufunguliwa kwa shoka na moto kama kwingineko. Kuna wanaochoma ili nyasi changa ziote, wanaorina asali kwa mienge, na wachoma mkaa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayoweka masharti ya kuchoma majani, na sijawahi kumwona mtu aliyeisoma kabla ya kuwasha kiberiti. Kuna pia watoto na panya wao. Unawasha nyasi upande mmoja, unasimama upande wa pili na fimbo, na wenzako wanaziba mashimo. Nalijua hilo kwa undani kuliko ninavyojua Sheria ya Misitu.

Mama alileta habari ya njaa, sijui kwa nini, labda kwa sababu tulikuwa tumefungua kikapu cha maandazi. Alimwambia Bibi awasimulie watoto mahari ya bibi yake. Mimi nilikuwa naijua. Bibi yake Bibi alizaliwa upande wa Ungoni, akaja Umatengo akiwa msichana baada ya vita, na mahari yake ilikuwa vikapu vinne vya maharage. Haikuwa mahari ndogo. Walioyapokea walikula wakaishi.

Vita yenyewe watoto wanaijua kwa jina, maana Makumbusho ya Majimaji yapo Songea, kilomita kama mia moja kutoka kwetu, na shule huwapeleka. Wanajua maji ya dawa, wanajua 1905. Moto wake ndio hawafundishwi sana. Ungoni iliingia vitani Septemba 1905, mwezi ambao nyasi zimekauka kama hizi tunazopita, na mwezi huohuo wapiganaji waliichoma misheni ya Peramiho, ambayo Wabenediktini walikuwa wameianzisha mwaka 1898. Huo ni moto wetu, nao uandikwe. Kisha ukaja wa upande wa pili. Maofisa wa Kijerumani waliona kwamba risasi hazitoshi kwa watu wanaopotea porini, na Gavana von Götzen aliikubali njaa iwe silaha. Vijiji vilichomwa. Vihenge vilichomwa baada ya askari kuchukua walichoweza kubeba. Mazao yaliyokuwa shambani yalikatwa au kuunguzwa, na mvua ziliponyesha watu walizuiwa kupanda. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, na waliobaki waliachiwa njaa iwamalize.

Serikali ya Kijerumani ilikadiria Waafrika 75,000 walikufa katika vita hivyo. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa Wajerumani walihesabiwa Wazungu 15. Tofauti hiyo inatokana na aina ya mauaji: aliyekufa kwa njaa miezi minane baada ya kihenge chake kuchomwa hana ofisa wa kumwandika.

Nchi iliyoachwa ilibadilika. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia na historia ya Afrika Mashariki, alionyesha jinsi vichaka, wanyamapori na mbung'o walivyorudi pale ambapo watu waliokuwa wakivizuia kwa majembe na kwa moto wao mdogo wa kila mwaka hawakuwapo tena. Sehemu kubwa ya kusini iliyokuwa na vijiji ikawa hifadhi ya wanyama, ikapewa jina la mwindaji Mwingereza, Selous, na wageni wakaja kuitazama kama nchi ambayo haijawahi kuguswa na mtu.

Mnamo Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, akaomba radhi, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, ambalo linaaminika lilipelekwa Ujerumani. Bibi alisikia habari hiyo redioni. Nilimuuliza anaonaje. Alisema amechelewa, lakini afadhali amejitaja.

Ukishuka kuelekea ziwani joto linakupokea kabla ya maji. Masweta yalivuliwa, vioo vikafunguliwa, migomba na kahawa vikaisha, ikaja mihogo na miembe. Kisha kona moja ikageuka na ziwa likawa mbele yetu, au niseme palipaswa kuwa na ziwa. Siku zilizo safi, ukiwa Mbamba Bay, unaona milima ya Malawi upande wa Nkhata Bay. Siku ile maji yalianza kwa rangi ya bluu ufukweni, yakafifia kuwa ya kijivu, yakapotelea kwenye moshi bila mstari wowote wa kuonyesha mbingu zilipoanza. Mwanangu mdogo aliuliza kama ziwa halina mwisho.

Siku iliendelea kama zinavyoendelea siku za namna hiyo. Watoto waliogelea mpaka midomo ikatetemeka. Tulikula magege na ugali wa muhogo, ambao watoto wangu, waliozoea wa mahindi, waliulalamikia kisha wakaumaliza. Mke wangu alinunua dagaa debe zima. Bibi aliketi kwenye mchanga, akanyoosha miguu majini, akafunga macho. Nilipomkaribia alisema bila kuyafungua, "Mume wangu, umenileta." Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe.

Yapata saa tisa binti yangu alikuja mbio akipiga kelele kwamba maji yanaungua.

Na kweli yalionekana yanaungua. Mbali kwenye ziwa, nguzo tatu za moshi mweusi zilikuwa zimesimama juu ya maji, zikiinama taratibu kuelekea upande mmoja, pana juu na nyembamba chini, kama moshi wa shamba kabisa. Hakukuwa na mtumbwi wala meli. Nilikuwa nimesoma habari zake na bado moyo uliruka.

"Wadudu hao," alisema kijana aliyekuwa akishona jarife karibu nasi, bila hata kuinua kichwa.

Ni visubi vidogo sana, mabilioni yake. Viluwiluwi wao huishi ndani ya ziwa. Mchana hujificha kwenye kina kirefu, chini ya mita 200 na zaidi, ambako maji ya Nyasa hayana oksijeni na samaki hawawezi kuwafuata. Usiku hupanda kula, na ndipo dagaa huwavizia. Wakikomaa huibuka pamoja, mara nyingi karibu na mwezi mwandamo, hujamiiana hewani katika nguzo hizo, na hufa. Upepo ukiwaleta pwani, watu wa kandokando ya ziwa huwakusanya, huwaponda na kuwapika mikate.

David Livingstone aliwaona mwaka 1861, katika miezi kama hii, akisafiri kwa mashua kando ya pwani ya magharibi pamoja na nduguye Charles na daktari John Kirk. Aliandika kwamba mbele yao waliona mawingu kama moshi wa nyasi zinazoungua maili na maili, wakadhani ni nchi ya ng'ambo, yaani pwani yetu hii, inawakaribia, na kwamba ziwa linakwisha. Kesho yake mashua yao ilipita katikati ya wingu mojawapo, ikabidi wafumbe macho na midomo. Walipewa mkate wa wadudu hao wakauonja. Jina aliloandikiwa kwa wadudu hao ni kungo, naye akaeleza kwamba maana yake ni wingu au ukungu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo hayo.

Nampenda Livingstone katika ukurasa ule kwa sababu amekiri kudanganyika. Lakini ni safari ileile aliyopita kwenye vijiji vilivyoteketezwa na kukuta mifupa ya watu, baada ya mashambulizi ya Wangoni wa upande ule. Moshi wa uongo na majivu ya kweli alivikuta kwenye pwani moja. Aligeuza bila kuufikia mwisho wa kaskazini, na ziwa likabaki fupi katika ramani yake mpaka mwaka 1875, E. D. Young alipolizunguka na meli ya Ilala akakuta linaendelea mbele kwa karibu maili mia moja zaidi. Watu walioishi huko hawakuwa na shida ya kujua ziwa lao linaishia wapi.

Ukimtajia mtu anayependa historia pwani hii, atakuletea hadithi nyingine ya moshi. Kaskazini kidogo ya Mbamba Bay kuna Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhaven kwa sababu ya mwamba wake. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza, Gwendolen, ya Kamanda Rhoades, ilitokea huko na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, na inasemwa walizoea kunywa pamoja. Alipiga makasia akiwa amekasirika, akamuuliza mwenzake kama amelewa. Hakuwa na habari kwamba Ulaya kuna vita. Inahesabiwa kuwa mapambano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza, na magazeti ya London yalishangilia. Inachekesha, ndiyo maana inasimuliwa. Vihenge vya Ungoni havichekeshi. Nimeisoma hadithi ya Rhoades na Berndt mara nyingi kuliko nilivyosoma jina la mtu hata mmoja aliyekufa kwa njaa ya 1906.

Wakati nikimweleza binti yangu haya, Bibi alikuwa ameinuka. Tulimkuta kwenye chanja za dagaa, ameketi na wanawake wazee wawili, wakizungumza Kinyasa na Kimatengo kila mmoja kwa lugha yake na kuelewana. Nilisimama nyuma yao. Bibi alikuwa akimuuliza mtu. Alitaja jina la mzee mmoja ambalo sikuwa nimelisikia kwa karibu miaka thelathini.

Amekufa, wakamwambia. Zamani. Watoto wake wamekwenda Mbeya.

Bibi akatikisa kichwa, akasema pole, akauliza bei ya dagaa ingawa tulikuwa nao debe zima.

Sisi tulimwita Mzee wa Mkaa. Alikuwa Mnyasa aliyepanda mlimani kutafuta maisha, akapewa kipande cha kupanga kijijini kwetu, akawa anachoma mkaa na kuuza Mbinga. Oktoba 1995 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa wiki za mwisho kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na watu wazima wote walikuwa wamekwenda kwenye mkutano wa kampeni. Mimi na binamu yangu tulikwenda kutafuta panya. Tulikuwa na kiberiti chenye njiti tatu. Ya kwanza ilizimika, ya pili ilizimika.

Moto ulikula miti ya milingoti ya mjane mmoja, ukala nyasi zilizofyekwa za ezeko, ukala mizinga ya nyuki, ukashuka bondeni na kuunguza kahawa ya watu watatu. Uliwaka usiku kucha. Tulikuwa miongoni mwa waliopiga moto kwa matawi, na watu walitusifu. Baraza la kijiji lilikaa siku mbili baadaye, na halikuchukua muda. Nani mwingine hushinda na moto porini? Mzee wa Mkaa alisema tanuri lake lilikuwa upande wa pili wa mlima na lilikuwa limefukiwa udongo. Hakuna aliyekwenda kulitazama. Alitozwa faini ambayo asingeweza kuilipa kwa mwaka mzima wa mkaa, na kabla ya mvua alishuka ziwani na mkewe na watoto, vyombo vyao juu ya baiskeli mbili. Niliwaona wakipita. Binamu yangu alifariki mwaka 2009. Hatukuwahi kulizungumza.

Nimesoma historia chuo kikuu. Nimeandika insha nzuri kuhusu jinsi wakoloni walivyowalaumu wakulima kwa kuharibu nchi ambayo majeshi yao yenyewe yalikuwa yameichoma. Nilipata alama za juu.

Tuliondoka Mbamba Bay jua likizama kwenye moshi bila kugusa maji. Watoto walilala kabla hatujaanza kupanda. Karibu nusu ya njia dereva alipunguza mwendo: moto ulikuwa umefika kandokando ya barabara upande wa kulia, mstari mrefu mwekundu ukishuka mlimani, na watu kama kumi na tano walikuwa wakiupiga kwa matawi ili usivuke lami. Gari mbili zilikuwa zimesimama mbele yetu. Nilishuka. Nilipewa tawi, nikapiga kwa muda kama wa nusu saa, na mikono ilikumbuka: unapiga na kuburuta, huinui juu, maana ukiinua unarusha cheche. Hewa ilikuwa na joto la kuunguza kope. Mtu mmoja karibu nami, ambaye sikuuona uso wake, alikuwa akilaani wachoma mkaa. Sikumjibu.

Ulipozimwa upande wa barabara nilirudi garini. Dereva alikuwa bado nje akizungumza na wenzake, na Mama na mke wangu walikuwa wamesinzia. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, karibu na Bibi, nikinuka moshi. Nilimwambia. Nilisema kwa maneno machache, kwa Kimatengo, kwa sababu kwa Kiswahili ningetengeneza sentensi.

Alikaa kimya kidogo.

"Nguo zako nilizifua mimi," akasema. "Mfukoni kulikuwa na kiberiti kitupu. Na panya wawili mmewaficha dari ya jiko, wakanuka wiki nzima."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa mtoto wetu. Yeye alikuwa mgeni." Aligeuza uso kuelekea mlima, ambako mstari mwekundu ulikuwa bado unapanda. "Nilitaka kumwambia leo."

Dereva alirudi, nikampisha. Alijaribu kusafisha kioo cha mbele kilichokuwa kimejaa majivu na wale wadudu waliotukuta ufukweni, lakini waipa zilivitandaza pamoja kuwa uji mweusi, hatukuona kitu. Ikabidi azime tena gari, achukue chupa ya maji ya watoto, na Bibi akavua kanga yake ya juu akampa ya kufutia.